Bei ya RAM yapanda: Mwagizaji wa kompyuta za gemu Gisenyi achague nini?

GISENYI - Wafanyabiashara wanaowaagizia wateja wa Gisenyi na Goma kompyuta za gemu zilizofungwa kwa vipimo vya mteja wanakabiliwa na hesabu ambayo hawakuwa nayo hadi katikati ya mwaka 2025. RAM, kifaa kidogo ambacho zamani kilijazwa kwenye profoma bila mtu kukiuliza bei, sasa ndiyo inayoamua kama agizo litaleta faida au hasara.

Seti ya RAM ya GB 32 ya aina ya DDR5, iliyokuwa ikiuzwa Marekani kwa chini ya dola 120 katikati ya 2025, ilivuka dola 300 kabla mwaka huo haujaisha. DDR4, aina ya zamani ambayo wengi walidhani ingekuwa kimbilio, nayo ilipanda, tena ilianza mapema, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimeanza kupunguza uzalishaji wake.

Chanzo hakiko Dubai wala Guangzhou, na anayemlaumu wakala wake kwa jambo hili anamwonea. Kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa mno ya chipu za kumbukumbu duniani. Kampuni hizo zimegeuzia mitambo yao kwenye kumbukumbu maalumu za mashine za akili bandia, kwa sababu huko kuna faida kubwa zaidi. Oktoba 2025 kampuni ya OpenAI ilitia saini barua za makubaliano na Samsung na SK Hynix kuhusu mahitaji yanayoweza kufikia vipande 900,000 vya malighafi ya chipu kwa mwezi. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wa kompyuta wa ukanda huu wamelizoea kwa miaka mingi. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo si busara kupanga biashara ya mwaka huu kwa matumaini kwamba bei itarudi ilikokuwa.

Kwa mwanauchumi hii ni hadithi ya kawaida: mnunuzi mwenye pesa nyingi ameingia sokoni na kuwasukuma wadogo pembeni. Kwa mwenye duka karibu na Petite Barrière maana yake ni nyingine.

Hatari ya arbuni

Biashara hii kwa kawaida huendeshwa kwa arbuni. Mteja analipa nusu, mfanyabiashara anaagiza, mzigo unafika baada ya wiki kadhaa, mteja anamalizia. Tuseme mashine imeahidiwa kwa dola 1,000 na gharama yake yote hadi Gisenyi ilikadiriwa dola 900, ndani yake RAM ikiwa dola 100. RAM hiyo ikifika dola 300 kabla agizo halijalipiwa, faida ya dola 100 imegeuka hasara ya dola 100. Kwa mashine kumi za chumba cha gemu, aliyechukua arbuni amepoteza dola 1,000, sawa na bei ya mashine nzima. Na mteja hana kosa, maana anayo karatasi inayosema dola 1,000.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kubadilika kinapaswa kuwa profoma yenyewe. Zamani iliandikwa kwa mstari mmoja, "kompyuta ya gemu, kamili", na jumla chini. Leo kila kifaa kiwe na mstari wake na bei yake, na kwenye mstari wa RAM na wa SSD (ambayo nayo hutumia chipu za kumbukumbu) iandikwe bei inasimama kwa siku ngapi. Ni vema arbuni ikatosha kununua RAM na SSD siku hiyo hiyo, hata kama kasha na vingine vitasubiri kontena.

Wauzaji wakubwa wamekwishafika huko. Kampuni ya Marekani ya Maingear, inayofunga kompyuta za gemu kwa oda, ilianza Desemba 2025 kuwaruhusu wateja kununua mashine bila RAM na kuleta ya kwao. Njia hiyo inafaa sana hapa mpakani, ambako mteja mara nyingi ana ndugu anayesafiri, au ana mashine ya zamani inayoweza kuvuliwa RAM. Muhimu ni kuandika kwenye stakabadhi kwamba RAM ni ya mteja, ili ikiharibika asirudi dukani kudai.

Pesa iende wapi kwanza

Katika kompyuta ya gemu, kadi ya picha ndiyo hufanya kazi kubwa, na ndiyo inayostahili kula sehemu kubwa ya bajeti. Kosa linaloonekana mara kwa mara katika mashine zilizofungwa tayari ni prosesa yenye jina kubwa, taa za rangi zinazowaka kila pembe, na kadi dhaifu katikati. Mnunuzi huvutiwa na maandishi "Core i7" bila kuuliza ni ya kizazi gani wala kadi ni ipi.

Kwa anayenunua mpya, kuna kadi tatu zinazokaa kwenye bei ya kati. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa bei elekezi ya dola 249 na ina kumbukumbu ya GB 12. NVIDIA RTX 5060 ilitoka Mei 2025 kwa dola 299, ina GB 8. AMD RX 9060 XT ya GB 16 ilitoka Juni 2025 kwa dola 349. Hizo ni bei za Marekani za siku ya kuzinduliwa, kabla ya usafiri na kodi, na kwa vile kadi nazo hubeba chipu za kumbukumbu, zisichukuliwe kuwa bei za leo. Kwa mwenye chumba cha gemu anayechezesha mpira, Counter-Strike 2 na Valorant, GB 8 zinatosha. Anayenunua yake ya nyumbani na kutaka kukaa nayo miaka mitano aongeze pesa apate GB 12 au 16, kwa sababu kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye kama RAM.

B580 ina sharti lake. Hufanya kazi vizuri kwenye ubao mama wa kisasa wenye uwezo unaoitwa Resizable BAR. Ukiifunga kwenye mashine ya zamani inapoteza nguvu nyingi, kisha mteja atasema umemuuzia kitu kibovu.

Kuhusu RAM yenyewe, ushauri wa miaka yote ulikuwa kununua vipande viwili vinavyofanana, kwa kuwa viwili vikifanya kazi pamoja mashine huenda kasi zaidi. Ushauri huo bado ni sahihi kiufundi. Hata hivyo, kwa bei za sasa, mteja ambaye hawezi kulipia GB 32 anaweza kuchukua kipande kimoja cha GB 16 na kuacha nafasi moja wazi. Atapoteza kasi kiasi, lakini ataongeza kipande cha pili bei ikipoa, bila kutupa alichonunua. Akichukua viwili vya GB 8 kwenye ubao wenye nafasi mbili tu, siku ya kuongeza itambidi avitoe vyote.

Uchaguzi wa prosesa na ubao mama sasa unafuata RAM. Ubao wa AMD wa soketi ya AM4 hutumia DDR4, na wa AM5, uliotoka 2022, hutumia DDR5 peke yake. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 ina mbao za aina zote mbili, kwa hiyo ni lazima kusoma lebo. Mteja mwenye DDR4 nzuri kwenye mashine yake ya zamani ana sababu ya kubaki AM4 au LGA1700, hata kama muuzaji wa Dubai anamsukumia toleo jipya. Asiye na chochote, na mwenye uwezo, aende AM5, kwani AMD imeahidi kuendelea na soketi hiyo angalau hadi 2027, hivyo prosesa itabadilishwa bila kununua ubao mwingine.

Pawa saplai

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na hapa ndipo mwandishi huyu angesimama kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Pawa saplai haionekani, haina taa, na mteja haiulizii. Mfungaji anayetaka kurudisha dola 30 alizopoteza kwenye RAM atazitafuta humo. Zipo sokoni pawa saplai nyepesi kama sanduku tupu, zimebandikwa lebo ya wati 500 au 600, ambazo haziwezi kubeba hata nusu ya mzigo huo kwa utulivu. Ikiungua, mara nyingine haiungui peke yake. Inaweza kuondoka na ubao mama na kadi.

Kwa kadi kama RTX 5060, inayotumia hadi wati 145, NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 550. Itafutwe yenye cheti cha 80 Plus na jina la mtengenezaji anayejulikana, na namba yake ya modeli iandikwe kwenye profoma. Neno "550W" peke yake halitoshi. Fundi mzoefu huipima kwanza kwa mkono: pawa saplai nzuri ina uzito.

Kuna jambo la UPS pia. Pawa saplai nyingi nzuri za kisasa zina saketi ya kurekebisha umeme ambayo hugombana na baadhi ya UPS za bei rahisi, zile zinazotoa umeme wa mawimbi ya mraba. Umeme ukikatika, mashine inazima papo hapo ingawa betri imejaa. Mwenye chumba cha gemu anayetumia jenereta, sola au betri anunue UPS au inveta yenye wimbi safi, na gharama hiyo aihesabu tangu mwanzo. Mashine kumi zikila takriban wati 300 kila moja wakati wa mchezo ni kilowati tatu. Kwa saa kumi ni uniti 30 kwa siku, kabla ya kuhesabu skrini na feni. Kwa bajeti ya namna hiyo, kadi inayokula wati 145 badala ya 250 inarudisha pesa yake kwenye bili.

Rahisi iliyo ghali

Bei zikipanda, bidhaa za mkato huongezeka. Tatu zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinazoongezewa kadi na kuuzwa kama za gemu. Si utapeli zikifungwa kwa uaminifu. Lakini pawa saplai zake ni ndogo, mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi, na plagi zake ni za kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuzibadilisha kwa ya dukani. Kadi inayofaa humo ni ile inayokula umeme wa ubao peke yake, usiozidi wati 75: GTX 1050 Ti, GTX 1650 ya wati 75, au RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 ikiwa na wati 70. Kasha likiwa jembamba, kadi iwe fupi. Tena iangaliwe prosesa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ofisi nyingi za Ulaya zimetupa mashine zao kwa sababu hiyo, ndiyo maana ziko nyingi na ni rahisi.

Ya pili ni seti za Kichina zinazoitwa X99, zenye prosesa za Xeon zilizotolewa kwenye seva. Zina viini vingi na bei nzuri, ila kasi ya kila kiini ni ndogo, na gemu nyingi hutaka kasi hiyo. Ubao ukifa, kupata mwingine Goma au Kigali si rahisi.

Ya tatu ni kadi zenyewe. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Baadhi bado zinazunguka, zimesafishwa na kuwekwa kwenye maboksi mapya. Kuna pia RX 580 2048SP, ambayo AMD iliitoa kwa soko la China mwaka 2018 ikiwa na viini 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi. Wengi huiuza bila kutaja tarakimu hizo za mwisho. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha ukweli kwa dakika moja, basi mzigo upimwe mbele ya muuzaji kabla pesa haijatoka.

Forodha na mpaka

Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta (kifungu 8471) na sehemu zake za kifungu 8473.30 hazitozwi ushuru wa forodha. Hilo limewafanya wengi waamini kwamba kompyuta "haina kodi". Sivyo. Mageuzi ya kodi yaliyotangazwa na serikali ya Rwanda Februari 2025 yaliamua kurudisha VAT ya asilimia 18 kwa simu za mkononi na vifaa vya teknolojia ya habari, vilivyokuwa vimesamehewa tangu 2010 na 2012. Zipo pia tozo ya miundombinu na ile ya Umoja wa Afrika, na asiye na cheti cha kutodaiwa kodi hukatwa asilimia 5 ya thamani ya mzigo. Pawa saplai ikiletwa peke yake ina kifungu chake, 8504, kwa hiyo anayeleta vipuri mbalimbali amwoneshe wakala wa forodha orodha kabla ya kuagiza, si mzigo ukiwa Rusumo.

VAT inapandia juu ya bei iliyokwisha panda. RAM ikiongezeka dola 200, VAT peke yake inaongezeka dola 36.

Kwa mzigo unaoelekea Goma kuna njia mbili halali: kupita Rwanda kama bidhaa ya safari, bila kulipiwa kodi ya Rwanda, au kununuliwa Rwanda na kutolewa kama mauzo ya nje, ambayo VAT yake ni sifuri ikiwa tamko la forodha na ankara ya EBM vipo. Mfumo rahisi wa wafanyabiashara wadogo haumsaidii mwenye kompyuta, kwa kuwa uliwekwa kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Anayevusha mashine kwenye kikapu chini ya ndizi anaweza kufika, ila atakuwa amepoteza VAT aliyolipa na hana karatasi ya kudai waranti.

Waranti yenyewe haivuki mpaka kirahisi. Tangu M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na wakazi wengi wakawa wanavuka hadi Gisenyi kutafuta huduma za fedha. Mteja wa Goma anayelipa taslimu hataki kusikia kwamba kadi irudishwe Dubai. Inashauriwa mfanyabiashara achague kadi na pawa saplai zenye muuzaji Kigali, hata kwa dola 20 zaidi, na aweke akiba ya pawa saplai moja na kipande kimoja cha RAM kwa kila mashine kumi. Anayepeleka mbele ya Goma aulize kwanza nani anatoza nini njiani.

Kwa wasafirishaji

Ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, kile kinachozidi. Boksi la sentimita 55 kwa 30 kwa 55 lina sentimita za ujazo 90,750. Ukigawa kwa 6,000, kama ilivyo desturi ya mizigo ya ndege, unapata kilo 15 za kulipia, na wenye huduma za vifurushi wanaogawa kwa 5,000 watakutoza kilo 18. Sehemu kubwa ya boksi hilo ni hewa. Prosesa, RAM, SSD na kadi vinaweza kuja kwa ndege katika boksi dogo, kasha na pawa saplai vikaja kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha mashine ikafungwa Kigali au Gisenyi.

Mashine ikija imefungwa tayari, kadi ya picha itolewe na isafiri kwenye boksi lake. Kadi nzito iliyoning'inia kwenye ubao mama kwa kilomita zaidi ya 1,400 kutoka Dar es Salaam, kisha kona za Musanze, kisha mawe ya volkano ya mitaa ya Goma, inaweza kung'oa nafasi yake. Kama haiwezi kutolewa, ndani ya kasha ijazwe sponji ya kuzuia mtikisiko, na karatasi ibandikwe juu ya kitufe cha kuwashia ikisema itolewe kabla ya kuwasha. Kwa mzigo wa barabara, agiza kasha lenye ubavu wa bati badala ya kioo. Ni jepesi, na mwenye gari hatabishana na mwenye mzigo juu ya nani alivunja. Chagua pia lenye vichujio vya feni vinavyotoka kwa mkono, kwa sababu vumbi la lava upande wa Goma hujaza kichujio upesi, na mwenye chumba cha gemu atalazimika kukiosha mara kwa mara.